Mfuko Kwanza, Mbwa Baadaye

Hotuba kwa wakazi wa mtaa mmoja wa Lang'ata, Nairobi, ilivyoandikwa baada ya mkutano

Mwenyekiti wa chama cha wakazi, wazee wetu, kina mama na kina baba, vijana, na nyinyi watoto mliojipanga hapa mbele, hamjambo? Asanteni kwa kunikaribisha.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema mbwa wadogo wa mbegu, yaani wa koo maalumu, wameanza kujaa mtaani: Maltese, Shih Tzu, Pomeranian, Japanese Spitz, na Chihuahua mmoja mmoja. Akaniomba nije niwashauri ni yupi anayefaa nyumba ya ghorofa. Nilimjibu kwamba nitakuja kwa furaha, ila nitaanza na pesa, na huenda nikamalizia kwa pesa pia. Akanikubalia.

Ombi langu leo ni moja. Kabla hujamleta mbwa nyumbani, weka kando pesa za matibabu yake, huo ndio mfuko wake. Sisemi upange kuziweka. Uwe umeshaziweka, zimekaa mahali unapopajua, na hakuna mtu mwingine nyumbani anayezihesabia karo wala kodi. Mbwa aje azikute.

Mtaniuliza mbona nalisema kwa ukali. Mimi ni daktari wa mifugo, na wagonjwa wangu wengi ni mbwa na paka wa jiji hili. Saa ngumu zaidi katika kazi yangu haziko kwenye chumba cha upasuaji. Ni zile dakika ninapomwandikia mtu makadirio ya matibabu, naye anaitazama karatasi, kisha ananitazama mimi. Ugonjwa naujua. Dawa iko kabatini. Mbwa yuko mezani na ana nafasi nzuri ya kupona. Mwenye mbwa anatoka nje kupiga simu, kwa dada yake, kwa mweka hazina wa chama chake cha akiba, kwa rafiki wa ofisini, na anaporudi ndani jibu liko usoni mwake kabla hajafungua mdomo. Baadhi huniomba nimdunge mbwa sindano ya kumpumzisha kabisa, maana hawawezi kulipia apone. Naifanya kazi hiyo ili mnyama asibaki akiteseka, na huniuma kila mara, kwa sababu mtu huyo anampenda mbwa wake. Analia kweli. Pesa ambayo ingeokoa maisha ya mbwa angeweza kuiweka kidogo kidogo kwa miezi michache kabla ya kumnunua, lakini hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo leo nimekuja kuwaambia mapema.

Udogo wa mbwa hawa ndio unaotudanganya. Mbwa wa kilo 3 aliyekomaa hula takriban gramu 70 hadi 80 za chakula kikavu kwa siku. Kwa mwezi mzima hafikishi kilo 2 na nusu. Mtu akiona hivyo hujisemea, huyu hanisumbui, hamalizi hata kisahani. Na kwa upande wa chakula ni kweli, mbwa mdogo ni nafuu kuliko German Shepherd. Lakini mashine ya eksirei haijui nusu bei. Mbwa mdogo akitiwa nusukaputi anahitaji daktari yuleyule na uangalizi uleule, na mara nyingi uangalizi zaidi, maana mwili mdogo hupoteza joto upesi. German Shepherd aliyekomaa ana meno 42. Chihuahua naye ana meno 42, yote yamesongamana kwenye taya unayoweza kuifumba kwa vidole viwili.

Na mwili mdogo hauna akiba ndani yake. Tuseme mtoto wa mbwa ana uzito wa kilo 1. Akiharisha na kutapika mpaka apoteze asilimia 10 ya uzito wake kwa maji, hiyo ni mililita 100 tu, hata kikombe cha chai hakijai. Mbwa wa kilo 30 ili afike hali hiyo lazima apoteze lita 3. Ndiyo maana mwenye mbwa mkubwa anaweza kulala akaniletea asubuhi, na mwenye Maltese wa miezi miwili hana asubuhi ya kungojea. Sukari ya damu pia humshuka haraka. Akikosa kula kwa saa chache, au akipigwa na baridi ya Julai tunayoijua hapa Nairobi, unamkuta amelegea, anatetemeka, hata anapata kifafa. Ukimwona hivyo mpake asali kidogo kwenye ufizi na umkimbize kliniki saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana. Na huduma ya usiku, jamani, ina bei yake.

Sasa niseme kuhusu ugonjwa ninaouchukia kuliko yote, parvo. Nataka mwelewe unavyofanya kazi, kwa sababu ukiuelewa utaelewa bili yake pia. Virusi vya parvo vilijulikana mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1978 vilienea nchi nyingi karibu kwa mpigo. Hushambulia chembe za mwili zinazozaana kwa kasi, yaani ngozi laini ya ndani ya utumbo na uboho wa mifupa. Utumbo unabambuka, mtoto wa mbwa anatapika na kuhara damu yenye harufu ambayo ukishainusa huisahau. Wakati huohuo chembe nyeupe za damu zinaporomoka, kwa hiyo bakteria wa tumboni wanaingia kwenye damu bila wa kuwazuia. Hakuna vidonge vya kuua virusi hivi. Tunachofanya ni kumshikilia mbwa asife mpaka mwili wake wenyewe ushinde: dripu usiku na mchana, dawa ya kuzuia kutapika, antibiotiki, chakula kidogo kidogo, vipimo vya damu, joto, na mtu wa kumwangalia. Siku tatu, siku tano, mara nyingine wiki. Wanaolazwa mapema wengi hupona. Wasiotibiwa wengi hufa. Kinachotenganisha makundi hayo mawili mara nyingi ni amana ya kulazwa.

Virusi hivyo hukaa kwenye udongo na sakafuni kwa miezi mingi. Huingia nyumbani kwa soli za viatu. Mtu ananiambia, daktari, mbwa wangu hajawahi kutoka nje ya mlango. Mbwa hajatoka, lakini wewe umetoka, mtoto ametoka, fundi wa bomba ameingia. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ikichanganywa na maji, huviua. Sabuni ya kawaida haitoshi.

Kinga ni chanjo, na hapa ndipo watu wengi wanapopunguza gharama pabaya. Mtoto wa mbwa huchanjwa kuanzia wiki 6 hadi 8, anarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, kisha anaongezewa baada ya mwaka. Watu huniuliza mbona nyingi hivyo, au ni biashara ya madaktari? Mama yake anampa kinga kupitia maziwa ya kwanza. Kinga hiyo ikiwa bado iko mwilini huizima chanjo, na hakuna anayejua kwa kumtazama imekwisha lini. Inaweza kwisha wiki ya 8, inaweza kwisha wiki ya 14. Ndiyo sababu tunarudia, ili mojawapo ikute mlango uko wazi. Ukilipia ya kwanza ukaruka zilizobaki, huenda umelipia ile iliyozimwa. Ya kichaa cha mbwa ni sindano nyingine, hutolewa akifika miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Hiyo inawahusu hata wasiofuga, kwa kuwa karibu watu wote wanaopata kichaa cha mbwa hukipata kwa kuumwa na mbwa, na Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030. Kaunti nayo inataka mbwa awe na leseni. Viweke vyote viwili kwenye hesabu ya kila mwaka.

Sasa tazameni kalenda yetu. Watu wengi hununua mtoto wa mbwa Disemba, zawadi ya Krismasi kwa watoto. Pesa ipo, nyumba ina furaha. Amechanjwa mara moja tu. Chanjo ya pili inaangukia Januari, na nyote mnajua kwa nini tunaiita Njaanuari: karo, sare, vitabu, kodi, nauli ya kurudi kutoka mashambani. Chanjo inasogezwa mbele kidogo, mpaka mshahara. Na ni katika wiki hizohizo mtoto wa mbwa yuko wazi kabisa kwa parvo. Mkitaka kununua, nawasihi, msinunue Disemba. Nunueni mwezi ambao miwili inayoufuata haina karo.

Akivuka utoto, kuna yale anayokuja nayo kwenye damu. Mtu anapochagua mbwa wa mbegu safi anachagua umbo analolijua tangu mwanzo, manyoya haya, masikio haya, na pamoja na umbo hilo anapokea udhaifu wa ukoo wake. Meno ndiyo ya kwanza. Ukoga hujijenga upesi kwenye vinywa hivi vidogo, ufizi unaoza, na meno ya utotoni mara nyingi hukataa kung'oka yakazuia ya ukubwani. Kuyasafisha ipasavyo kunataka nusukaputi. Kisha kuna mfupa mdogo wa mbele ya goti, ambao kwa mbwa wadogo wengi huteguka na kuhama mahali pake. Utamwona anakimbia vizuri, mara anaruka hatua tatu kwa mguu mmoja umekunjwa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Watoto hucheka. Mleteni. Zipo hali zinazohitaji kuangaliwa tu na kupunguzwa uzito, na zipo zinazohitaji upasuaji wa mifupa, ambao si wa bei ya chini popote duniani.

Pomeranian na Yorkshire Terrier wana bomba la hewa linaloweza kulegea na kubonyea, wakakohoa kama bata. Kwao nunua mkanda wa kifuani, usiwavute kwa ukosi wa shingoni. Dachshund ni mgongo: diski laini za kati ya pingili zikiharibika anaweza kupooza miguu ya nyuma, na hapo kila saa ina maana. Pug na wenzake wa pua fupi wanapumua kwa taabu, na joto la mchana ndani ya gari lililokwama Mombasa Road linaweza kuwaua. Mbwa wadogo wakizeeka, valvu ya moyo mara nyingi huchoka na wanaishi kwa vidonge vya kila siku hadi mwisho. Sisemi kila mbwa atapata haya yote. Wengi hupata moja, au mawili. Nasema kwamba ukienda kumtazama mtoto wa mbwa, muulize daktari, na muulize anayeuza, ukoo huu huugua nini, halafu nenda nyumbani ukaulizie bei ya hicho.

Gharama ya mwezi nitaipitia haraka kwa sababu mnaikisia. Chakula, dawa ya kupe na viroboto, dawa ya minyoo kwa ratiba, shampuu, na kunyolewa. Maltese na Shih Tzu manyoya yao hayaachi kukua, kwa hiyo kila wiki 4 hadi 6 wanahitaji kukatwa, la sivyo yanasokotana mpaka yanavuta ngozi na kuleta vidonda. Dawa ya kupe tafadhali usiiruke hata kama unaishi ghorofa ya nne. Kupe wa kahawia anaishi vizuri ndani ya nyumba, kwenye nyufa za ukuta, na analeta magonjwa ya damu tunayoyatibu kila wiki hapa Nairobi. Homa, kukosa hamu ya kula, damu puani. Dawa ya mmoja wa magonjwa hayo humezwa takriban wiki nne.

Kuna gharama mbili ambazo watu hawaziandiki kabisa. Ya kwanza ni nyumba. Soma mkataba wako wa kupanga kabla ya kusoma habari za mbwa. Mikataba mingi inakataza wanyama, na mwenye nyumba akikupa notisi utalipa amana mpya, kodi mpya na gari la kuhamisha vitu, au utamtoa mbwa. Nimewaona wakitolewa. Pata kibali kwa maandishi. Neno la mdomo la mlinzi wa jengo halitoshi.

Ya pili ni mikono ya mtu mwingine. Katika nyumba zetu nyingi, mwenye mbwa anaondoka saa kumi na mbili kasorobo kuwahi foleni, na anayebaki na mbwa ni dada wa kazi. Yeye ndiye anayefagia mavi, anayemlisha, anayemwogesha, anayeumwa mikono. Hakuajiriwa kwa hiyo. Ikiwa unaleta mbwa, kaa naye chini, muulize kama yuko radhi, umuongeze mshahara, na ikiwa anamwogopa mbwa basi usimlete. Naona hili ni suala la haki, na ni gharama ya kila mwezi kama chakula. Na Disemba mkienda nyumbani Kisii, Meru au Kakamega, mbwa atabaki na nani? Kituo cha kulaza mbwa hutoza kwa siku, na chenye kujali hakitampokea bila kadi ya chanjo.

Tufanye hesabu pamoja. Chukulieni, kwa mfano tu, kwamba yote haya ya kawaida yanakula shilingi 6,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 72,000. Mbwa hawa wadogo, wakitunzwa, wengi huishi miaka 12 hadi 15. Tukichukua 14, ni shilingi 1,008,000. Bado hajaugua hata siku moja. Kwa hiyo mtu anapobishana na muuzaji ampunguzie elfu tano, nampongeza, lakini ajue anabishania sehemu ndogo kabisa.

Mfuko wenyewe unajengwaje? Usiniulize mimi ni kiasi gani, kwa kuwa bei za kliniki yangu si za kliniki iliyo karibu nawe. Chukua simu Jumamosi asubuhi. Tafuta kliniki mbili unazoweza kufika usiku, na uhakikishe madaktari wake wamesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Upper Kabete nayo waijua. Waulize: kumwona daktari usiku ni ngapi? Kulazwa kwa siku pamoja na dripu ni ngapi? Eksirei? Kusafisha meno kwa nusukaputi? Upasuaji wa goti? Kumfunga kizazi? Kama ni jike wa kuzalisha, kuzaa kwa kupasuliwa ni ngapi, maana Chihuahua wengi vichwa vya watoto wao havipiti? Andika. Chukua bei ya kulazwa kwa siku, zidisha kwa tano, ongeza vipimo na ada ya usiku. Hicho ndicho kiwango cha chini cha mfuko wako. Usimlete mbwa kabla mfuko haujafika hapo. Upasuaji wa goti uwe lengo la mwaka wa kwanza na wa pili.

Halafu jaribu kuishi na mbwa ambaye hujamnunua. Kwa miezi mitatu, kila ukipata mshahara, toa ile pesa ya mwezi uliyoikadiria na uihamishe, kana kwamba umeshanunua chakula na dawa ya kupe. Usiiguse. Ukifika mwisho wa mwezi wa tatu haijaguswa, una sehemu ya mfuko na una jibu. Ukiwa umeichota mara mbili kulipia stima na gesi, una jibu pia, na mbwa hajaumia.

Pesa ikae wapi? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hisa zako za SACCO ni nzuri, lakini huwezi kuzitoa saa nane usiku. Zamu yako ya chama ni Septemba, na mbwa anaugua Machi. Hazina za soko la fedha, yaani money market fund, huongeza riba, ila kwa nyingi kutoa huchukua siku moja au zaidi. Ushauri wangu ni kugawa: pesa ya kumlaza siku mbili iwe mahali unapoweza kuilipa kwa M-Pesa papo hapo, iliyobaki ikae inakozaa.

Na mkopo wa simu? Najua utauchukua ukibanwa, na sitakulaumu, uhai ni uhai. Lakini mbwa akiwa na parvo hujui utalipa siku tatu au saba. Nimeona watu wakikopa hapa kulipa pale, mbwa akapona, na wao wakabaki wameorodheshwa CRB, kwenye kumbukumbu za wasiolipa mikopo, wakishindwa kupata mkopo wa maana kwa ajili ya watoto. Deni la riba la kila siku si mahali pa kuwekea ugonjwa usiojua mwisho wake.

Kuhusu kununua nitasema machache. Usitume amana kwa mtu ambaye hujamwona, kwa mbwa ambaye umemwona kwenye picha tu. Nenda hadi alipozaliwa, mwone mama yake. Asiwe chini ya wiki 8. Kadi ya chanjo iwe na stika ya chupa ya dawa, tarehe, sahihi na muhuri wa daktari, na umpigie daktari huyo. Muuzaji akikuambia ni mbegu safi, aonyeshe hati ya usajili ya East Africa Kennel Club. Na wanaouzwa kwa jina la mbwa wa kikombe cha chai, waogope. Hakuna ukoo unaotambuliwa kwa jina hilo. Ni watoto waliochaguliwa kwa kuwa wadogo kupita kiasi, wakati mwingine waliodumaa, na ndio wanaozimia kwa sukari kushuka. Anayenunuliwa kwenye foleni ya magari kwa bei ya kutupa, mara nyingi bei yake kamili inalipwa kliniki wiki hiyohiyo.

Na ukipiga hesabu ukaona mbwa wa mbegu hakufai, kule Karen kuna KSPCA, shirika la kulinda na kutunza wanyama, wana mbwa wanaosubiri nyumba. Mbwa wa kienyeji mwenye damu iliyochanganyika hana mzigo wote huu wa magonjwa ya ukoo. Chanjo na kupe na chakula ni vilevile, na bado nakuomba uwe na mfuko, lakini utapumua. Mimi binafsi nawapenda sana.

Nimeona mikono. Karibuni.

Mama wa pale nyuma anauliza habari ya bima. Mama, asante. SHA, bima ya afya ya serikali, ni ya watu. Ukipata kampuni inayokatia mbwa bima, soma karatasi kabla ya kulipa: je, magonjwa ya kurithi yamo au yameachwa nje? Wana kikomo cha umri? Unasubiri siku ngapi kabla ya kudai? Ukikuta goti na moyo vimeachwa nje, kwa mbwa mdogo umenunua kidogo sana. Hata ukikata bima, kliniki nyingi zitataka ulipe kwanza ndipo udai, kwa hiyo mfuko unabaki palepale.

Mzee wangu ameuliza, na ninamshukuru kwa kusema wazi: watu wana watoto wanaofukuzwa shule kwa karo, inakuwaje tunazungumza juu ya dripu ya mbwa? Mzee, tunakubaliana kuliko unavyodhani. Mtu mwenye mtoto aliyefukuzwa shule asinunue mbwa wa mbegu mwaka huu. Si aibu. Watoto wake wakimwomba, aseme bado, na awaonyeshe kwa nini. Nikimwona mzazi anasimama mbele yangu akichagua kati ya karo na mbwa anayekufa, sitamwambia achague mbwa. Ninachotaka ni asifike hapo. Na aliyemleta tayari, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamtaka asimwache ateseke. Hakulazimishwa kumleta, lakini akishamleta anawajibika kwake.

Kijana wa shati la bluu anasema ana Japanese Spitz wa miezi minne, na mfuko hana. Mwanangu, hujachelewa. Kwanza, kamilisha chanjo wiki hii, kwa sababu hiyo ndiyo pesa ndogo inayozuia pesa kubwa. Pili, mpige mswaki. Ndiyo, mbwa, kwa dawa ya meno ya mbwa, si yetu, ukianza sasa atazoea. Hiyo ni nusukaputi unayoisogeza mbele miaka. Tatu, asinenepe, goti na moyo vitakushukuru. Nne, zungumza na kliniki yako leo akiwa mzima, uwaulize kama wanakubali kulipwa kwa awamu. Tukimjua mtu na mbwa wake, wengi wetu tunasikilizana. Anayekuja mara ya kwanza saa saba usiku bila chochote, hata tukitaka, tunashindwa, kwa kuwa na sisi dawa tunainunua. Kisha anza mfuko, hata kwa shilingi 200 kwa wiki, na ununue chakula chake bila madoido, usihangaike na nguo wala kitanda cha maua.

Wenye mbwa tayari, msiondoke. Niliwaomba mlete kadi za chanjo. Nitakaa kwenye meza ile karibu na mlango mpaka saa kumi na moja nizipitie moja moja, niwaandikie tarehe inayofuata na kile cha kuwekea pesa kwanza, kulingana na umri na ukoo wa mbwa wako. Waliomwacha mbwa na dada nyumbani na kadi wameisahau, mpigieni aipige picha. Nitaisoma kwenye simu.